Neno "baiskeli" lilipotelea njiani

Ukingo wa lami mbele ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, una kimo cha kidole changu cha shahada chote. Nilipima mwenyewe, siku tatu baada ya kuanguka, nimechuchumaa na goti limefungwa bendeji. Lami ikiisha unadondoka kwenye mchanga, na hatua moja na nusu kutoka hapo upo mtaro usio na mfuniko.

Asubuhi ile nilikuwa natoka soko la Mgandini, nazi nne kwenye kikapu cha mbele, dagaa kwenye keria. Bajaji ikanijia kwa nyuma, nikaipisha kama nilivyozoea kupisha maisha yangu yote. Gurudumu la mbele likashuka ukingoni, usukani ukageuka, nikaenda chini. Nazi zikabingirika mpaka barazani kwa fundi cherehani. Kijana wa bajaji alisimama, akaninyanyua, akaziokota moja moja, akaniambia, "Mama, nisamehe, nami sikuwa na pa kupita." Alisema kweli. Upande wa pili lori la saruji lilikuwa linashusha mzigo.

Sina kinyongo naye. Nilichotaka ni ule ukingo utengenezwe, na kwa kuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, najua jambo haliendi bila kuandikwa. Kwa hiyo nikalipeleka kwenye mkutano wa mtaa.

Kwa msiokaa Tanga, niseme kwanza baiskeli ni nini kwetu. Mji huu ni tambarare. Kutoka Makorora mpaka Raskazone hukutani na mlima wa kukutoa pumzi. Mama zetu walipanda baiskeli na baibui, pindo limekusanywa mkono mmoja, mtoto kwenye keria, na hakuna aliyewashangaa. Mgeni ndiye hushangaa. Samaki wakitoka Deep Sea wanakwenda mitaani kwa baiskeli, tenga limefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Madafu yanakuja kwa baiskeli, mkaa unakuja kwa baiskeli, maziwa ya alfajiri yanakuja kwenye madumu mawili yaliyoning'inizwa kulia na kushoto. Mie mwenyewe nilikwenda kazini kwa baiskeli mpaka siku nilipostaafu. Ni Phoenix ya kike, kijani, na mnyororo wake bado natia mafuta kila Ijumaa.

Sasa tumekuwa wengi. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 273,332 jijini, na ya 2022 ikatukuta tunaikaribia 400,000. Barabara zetu hizi za namba, ya kwanza, ya pili, mpaka huko za makumi, hazikupanuka hata shubiri, maana nyumba zimesimama pande zote mbili. Bodaboda na bajaji zimeingia humo humo, na vijana wanaoziendesha ni wanetu, wanatafuta riziki. Ila kila kinapoingia chombo chenye injini, anayesukumwa pembeni ni mwenye baiskeli. Na pembeni ndipo penye ule ukingo.

Basi, mkutano wa mtaa. Nilisimama, nikasema kwa ufupi, nikaonyesha goti. Wakasimama wengine watatu. Mmoja ni muuza samaki aliyepoteza tenga zima mtaroni, mwingine ni baba ambaye binti yake alivunjika mkono akienda madrasa. Mtendaji wa mtaa aliandika vizuri, na nilimwomba anisomee alichoandika: "Wapanda baiskeli wanaanguka kwa sababu ukingo wa lami umeinuka. Wanaomba ukingo usawazishwe na mitaro ifunikwe." Nikasema ahsante, ndivyo hasa.

Maneno ya mtaa yanapanda kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Huko yanakutana na maneno ya mitaa mingine yote, na kikao hakiwezi kulala hapo. Yanafupishwa. Niliuona muhtasari baadaye: "Wananchi wanaomba maboresho ya barabara za ndani na mitaro." Si uongo. Lakini baiskeli ilikuwa imeshuka.

Kutoka kata mambo huenda kwenye kamati za kudumu za halmashauri, kisha baraza la madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka. Mikutano hiyo ya kawaida ni ya wazi. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza, ila hasemi. Wengi hatujui hilo, au tunajua na hatuendi. Mie nilikwenda. Nilivaa viatu nilivyovaa siku ya kuagwa shuleni, nikakaa safu ya nyuma na daftari.

Kata zetu ni 27, na kila moja ina taarifa yake. Nilisikiliza takataka zinazochelewa kuzolewa, ushuru wa soko, zahanati iliyofika usawa wa linta ikasimama, mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mambo mazito, na wapo madiwani waliosema kwa uchungu mpaka sauti ikakauka. Nasema hili kwa sababu watu wa vijiweni hupenda kusema kule wanakwenda kusaini posho tu. Siku ile sikuona hivyo.

Ilipofika zamu ya kata yetu, lilibaki fungu moja la maneno: "Changamoto ya ubovu wa miundombinu."

Diwani wetu alisimama akaikazia. Hapo lazima nieleze jambo ambalo nami nililielewa nikiwa nimekaa pale. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa hazijengwi tena na halmashauri yenyewe, zipo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu na za mkoa zipo kwa wakala mwingine, TANROADS. Baraza linaweza kuhoji, kupendekeza vipaumbele na kusukuma, lakini fedha na mkandarasi viko kwa wakala. Kwa hiyo anayejibu anajibu kile alichoulizwa. Kaulizwa ubovu, akajibu ubovu: kipande chetu kitaangaliwa kwenye bajeti, kiongezewe tabaka jipya la lami.

Ukumbi ukapiga makofi. Mikono yangu ilibaki juu ya daftari.

Fikirieni wenyewe. Ukingo ulioniangusha ulipandaje? Lami ya kwanza ilikuwa karibu sawa na mchanga. Ikachakaa, ikawekwa nyingine juu yake. Mvua za masika zikachota mchanga wa pembeni zikaupeleka mtaroni. Lami ikapanda, mchanga ukashuka, kidole changu chote kikapatikana katikati. Sasa tabaka jipya likimwagwa juu bila kujaza pembeni, tutapima kwa kiganja. Tulichoomba ni mchanga na kifusi cha kushindilia pembeni, kile mafundi wa barabara wanachoita mabega. Tulichopata ni ahadi ya kuongeza urefu wa ukingo. Na hakuna aliyekosea kwa makusudi! Kila mkono ulioshika karatasi ulipunguza kidogo ili jambo liwe fupi, na lililopunguzwa ndilo lililokuwa jambo lenyewe.

Mwaka 2005 tulipopandishwa kuwa Jiji nilikuwa na darasa la nne. Niliandika ubaoni neno "jiji" na wingi wake, tukatunga sentensi. Nimekumbuka sana siku ile wiki hizi. Neno moja linaweza kubadilisha mji unavyojiona. Likifutwa neno jingine, watu waliomo ndani yake hawaonekani.

Nilipotoka ukumbini nilipitia kwa fundi wangu wa baiskeli. Mzee huyu amekaa chini ya mwarobaini ule ule tangu nikiwa msichana. Nikamsimulia. Hakusema kitu, alinyoosha mkono akanionyesha rimu zilizotundikwa kwenye msumari zikisubiri kunyooshwa. "Mwalimu, tazama zilipopindia." Zote zimepinda ubavuni, pale gurudumu linaposhuka likiwa bado linazunguka. Rimu iliyogonga shimo haipindi hivyo, inabonyea. Ana ushahidi ule kila siku mbele ya macho yake na hakuna kikao kilichowahi kumuuliza.

Siku ya pili yake nikamchukua mjukuu wangu, tukakaa kwenye kona tangu baada ya Alfajiri mpaka watoto walipokwisha ingia shule. Tulikuwa na vikombe vinne na mfuko wa punje za mahindi. Pikipiki, bajaji, magari, baiskeli. Kila kikipita chombo, punje moja. Kikombe cha pikipiki kilijaa mapema kuliko vyote, siwezi kuficha. Kilichofuata kujaa kilikuwa cha baiskeli, na cha magari kilibaki nusu. Mjukuu akauliza, "Bibi, sasa barabara ni ya nani?" Nikamwambia ahesabu tu, tutajibu tukimaliza.

Nimeandika karatasi mpya. Safari hii sikuandika kwa ufupi mno wala kwa urefu, na kila sentensi ina neno baiskeli ndani yake, ili anayetaka kulipunguza alazimike kufuta sentensi nzima. Sikuomba njia maalumu kama ile iliyojengwa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mabasi ya mwendokasi, ingawa siku moja ningeitamani pale kwenye barabara ya kwenda Pongwe, ambako watu wanatoka zamu usiku. Nimeomba mambo matatu ya kawaida. Pembeni pajazwe na kushindiliwa kabla ya lami mpya, si baada yake. Mitaro ya kwenye kona ifunikwe hata kwa zege la kawaida. Na mkandarasi asikabidhi kazi mpaka mtu mmoja amepita kwa baiskeli kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nipo tayari kuwa mtu huyo.

Nimempelekea mwenyekiti wa mtaa jana jioni. Kijana mstaarabu, nilimfundisha kaka yake. Alinipa shikamoo, akasoma yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema, "Mwalimu, ni ndefu kidogo. Kata watataka mstari mmoja."

Nikamwambia basi mstari mmoja tutauandika pamoja. Tukakaa barazani, nikamtilia chai, ikatuchukua mpaka adhana ya Isha. Umetoka hivi: "Pembeni mwa lami pajazwe kwanza, baiskeli zisidondoke."

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi baada ya Alasiri. Mnaokaa huku, njooni na baiskeli zenu, mziegeshe mbele ambako mtendaji atakuwa anaziona anapoandika.