Kupiga Picha za Bustani Penye Jua la Utosi: Uzoefu Wangu

Kazi yangu ni kupiga picha za bustani za hoteli na nyumba za wageni, hasa Arusha, Moshi na milima ya Usambara, na jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulimudu ni jua. Maelekezo mengi ya upigaji picha za bustani yameandikwa na watu wa Ulaya, ambako wakati wa kiangazi jua huchomoza mapema na kupanda kwa mshazari, hivyo mpiga picha hupata saa kadhaa za mwanga laini wa ubavuni. Kwetu mambo ni tofauti. Arusha iko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa Ikweta, na jua linalochomoza karibu saa 12:30 asubuhi hupanda takriban wima, nyuzi 15 kila saa, kiasi kwamba ifikapo saa 2:30 limeshafika nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Baada ya hapo vivuli huwa vyeusi tii, majani ya juu huwaka weupe, na rangi za maua hupauka. Mwezi wa Machi na wa Oktoba zipo siku ambazo adhuhuri jua husimama utosini kabisa, na mti hutupa kivuli chake chote chini ya matawi yake.

Kwa sababu hiyo niliacha kuliandama jua, nikaanza kuliandama wingu. Kuanzia Juni hadi Agosti Arusha huwa na baridi na asubuhi nyingi za mawingu mazito, na wingu la namna hiyo hutawanya mwanga pande zote, ukapenya hata chini ya migomba na kwenye kangaga zilizoota kivulini. Wateja wengi huomba anga la buluu, na huwa ninawaeleza kwa upole kwamba bustani haihitaji anga: mimi hupanda ngazi fupi, nikainamisha lenzi kidogo, na kujaza picha kwa mimea, njia na ukuta, ili ule weupe wa mawingu usionekane kabisa.

Kifaa ninachokithamini kuliko lenzi yoyote ya bei kubwa ni filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao. Jani la mgomba lililolowa mvua, hata siku ya mawingu, hurudisha mwanga wa anga na kuonekana kwenye picha kama bati jipya. Ninapoizungusha filta taratibu, ule mng'ao huanza kuondoka ukingoni mwa jani, kisha mishipa hujitokeza mmoja baada ya mwingine, mpaka kijani chenyewe kinabaki peke yake. Siizungushi hadi mwisho, kwa kuwa mng'ao ukifutika wote jani huonekana kavu, na mtazamaji hatajua kwamba mvua ilinyesha. Filta hiyo hupunguza mwanga kufikia nusu au hata robo, na kamera huhitaji muda mrefu zaidi kuupokea, kwa hiyo tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kuituliza kamera, ni ya lazima.

Upepo nao una kawaida zake. Milimani, asubuhi mapema huwa shwari, na upepo huanza mteremko ukishapata joto. Ninapotaka bustani nzima ionekane kwa ukali, hutumia apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ya f/11, wala sipendi kwenda mbali zaidi ya f/16 (namba ikikua, tundu hupungua), kwani huko ukali huanza kupungua kwa sababu ya mwanga kutawanyika kwenye tundu dogo. Kisha hukodolea macho mmea wenye kikonyo kirefu kuliko yote katika fremu, na ukitulia huo, ndipo ninapobonyeza.

Maua mekundu yanahitaji uangalifu wa pekee. Haibiskasi nyekundu inaweza kupoteza mikunjo yote ya petali zake ilhali histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwanga kwenye kamera, inaonyesha kwamba mwanga uko sawa, kwa kuwa ni rangi nyekundu pekee iliyofurika. Ninaangalia histogramu ya kila rangi, ninapunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (hatua moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu), na ninahifadhi faili za RAW, zenye data ghafi ya kamera.

Amani, katika Usambara Mashariki, ilinifundisha mengine. Bustani yake ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, na miti iliyoletwa kutoka mabara mengine sasa imekuwa mikubwa kiasi kwamba mwanga unaofika chini umechujwa na majani na kila kitu huwa na ukijani, hata shina la kijivu. Hapo hupiga kwanza picha ya kadi ya kijivu, nikaitumia baadaye kusahihisha rangi. Ukungu ukishuka, kamera huudhania kuwa mwangaza mwingi na kuutia giza, kwa hiyo mimi huongeza mwanga kwa karibu hatua moja.

Yote haya hayatoshi bila mtunza bustani. Kila ninapofika kazini humsalimu kwanza, na mzee mmoja wa Lushoto, baada ya kuniitikia marahaba, aliniambia, "Asumini, mwanangu, zitazame magharibi; asubuhi utaziokota chini." Huwaomba watunza bustani wamalize kumwagilia na kukunja mipira kabla sijaanza, lakini uwanja uliofagiwa alfajiri ninauacha ulivyo, maana ile mistari ya ufagio kwenye udongo ni sehemu ya bustani zetu kama yalivyo maua. Kazi ikiisha tunakaa naye tukipitia picha kwenye kompyuta, ananitajia kila mmea kwa jina la kienyeji, nami huliandika ndani ya faili pamoja na jina la kisayansi, kabla picha hazijaenda kwa mteja.