Mweleze Kweli Yote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Marko 5:25-34, na tunalileta kwa ninyi mliokaa na maumivu zaidi ya miezi mitatu: mgongo uliochoka na palizi ya Januari, magoti, mguu unaowaka moto usiku.

Yule mama alitokwa damu miaka 12. Marko hafichi kwamba aliteseka mikononi mwa matabibu wengi, akamaliza mali yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo mtu anayetoka kliniki na dawa ileile kwa mara ya tatu, moyo umemjaa hasira, asiambiwe hana imani. Mstari wa 33, mama alipoanguka mbele ya Yesu, ndio uliotushika: "akamweleza kweli yote." Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa palepale akimngoja Yesu aende kwake, binti yake mahututi, na hatusomi kwamba Yesu alimkatiza mama huyu.

Nawe mweleze daktari kweli yote. Ana foleni nje, atakupa dakika chache. Ukisema "mgongo unauma" tu, utatoka na diklofenaki. Nunua daftari dogo, andika wiki mbili kabla ya kliniki: maumivu yalianza saa ngapi, yanashukia wapi (pajani tu, au mpaka kidole gumba?), ukali wake kati ya 0 na 10, ulikuwa unafanya nini, ulimeza nini, nafuu ilikuja baada ya muda gani, uliamka mara ngapi. Andika na vidonge vya duka la dawa na dawa za mizizi, maana hapo ndipo wengi wetu huficha kweli. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja. Ukizimeza pamoja zinaumiza tumbo na figo, na presha hupanda. Parasetamoli ya mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani.

Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kujitokea, miguu kulegea ghafla: usingoje kliniki wala mkesha, nenda hospitali usiku huohuo. Mgongo wenye homa, jasho la usiku na kukonda, omba upimwe kifua kikuu, kwani hukaa hata kwenye uti wa mgongo.

Kuna dawa moja inayotusikitisha jinsi inavyotupwa: amitriptilini. Mgonjwa anasoma karatasi ya kwenye boksi, anakuta sonona, anasema, "Kumbe daktari ananiona wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili." Daktari akiiandika kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 jioni, inatuliza mishipa ya fahamu ambayo huendelea kupeleka maumivu hata jeraha likishapona, na inaleta usingizi. Inataka wiki kadhaa. Mdomo hukauka, asubuhi unaamka mzito. Muulize: "Hii ni ya nini, na nitaimeza mpaka lini?" Ni haki yako kujibiwa.

Usiku, ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Chai ya rangi iishie saa nane mchana. Amka saa ileile hata kama hukulala. Ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, jifunge khanga nzito kiunoni (baridi ya Julai hapa Dodoma hukaza misuli), kaa kwenye kiti chenye egemeo, simu iache mbali. Soma Zaburi ya 88 kwa sauti ya chini. Inaishia gizani, bila shukrani, na Mungu ameiacha hivyohivyo ndani ya kitabu chake. Usingizi ukikujia, rudi ukalale.