Kibali kimetoka, lakini si kile tulichoomba

Leo jioni nimekabidhiwa kibali cha kupiga filamu yetu mtaani. Tuliomba mtaa mzima ufungwe asubuhi nzima ya Jumapili. Tumepewa ruhusa ya kuzuia magari dakika chache chache, kisha kuyaachia. Mwongozaji amenuna. Mimi, kusema kweli, nimeshusha pumzi.

Kwenye skripti ni maneno mawili tu: "mtaa mtupu". Kwangu yamekuwa faili nene. Ramani ya njia za mchepuko, bima ya madhara kwa watu wengine, barua kwa polisi wa usalama barabarani, taarifa kwa zimamoto na kwa wenye mabasi. Hata bastola ya bandia ina ukurasa wake, maana mlio usiotangazwa huweza kuleta askari wa kweli.

Nawaonea wivu watu wa New York. Mwaka 1966 meya John Lindsay aliwafungulia ofisi maalumu ya filamu, mtayarishaji asizungushwe idara hadi idara. Mimi nimezungushwa: huku wanataka muhuri wa kule, kule wanasubiri muhuri wa huku.

Lakini aliyeninyima usingizi si karani. Ni mwenye duka la kona. Aliisoma barua yangu yote, akaikunja, akauliza, "Jumapili ndiyo siku yangu ya mauzo. Wateja wangu watapita wapi?" Nilikuwa na jibu kuhusu magari, kuhusu wateja sikuwa nalo. Ghorofa ya juu yake kuna mzee anayepelekwa hospitali kusafishwa damu, na gari la wagonjwa halingoji mtu aseme "kata".

Ndiyo maana vipindi vifupi vinanitosha. Filamu ya *28 Days Later* ilipigwa London mwaka 2001 kwa namna hiyo: alfajiri ya kiangazi, magari yakizuiwa kidogo tu, na kwenye skrini jiji zima likaonekana limehamwa. Mwongozaji anaijua filamu hiyo kuliko mimi, ila bado analilia shoti yake ndefu.

Tumekubaliana hivi: polisi ndio watakaosimamisha magari, vijana wetu wenye vizibao vya kung'aa wataomba tu waenda kwa miguu wasubiri. Atakayekataa, apite. Kesho narudi kugawa barua mpya mlango kwa mlango, nikianzia dukani.