Funguo umeweka wapi tena?

Watu wakisahau funguo wanasingizia uzee, lakini jamani mara nyingi ubongo haukurekodi kitu tangu mwanzo, wewe ulikuwa unaongea na simu huku unabishana na mtu wa boda pale Wandegeya, Kampala, juu ya shilingi 1,000, mkono ukaziweka wenyewe tu. Usichokitilia maanani hakiingii, sasa utakikumbukaje?

Na kilichoingia nacho kinavuja mbio. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo 1885: baada ya saa moja hivi zaidi ya nusu imeshapotea, halafu kasi inapungua. Dawa ni kurudia kidogo kidogo siku tofauti, si kukesha usiku wa mtihani kama vijana wa hosteli za Kikoni karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, maana usingizi wenyewe ndio unakaza kumbukumbu, ati!