Jinsi nilivyomfundisha mtoto mambo ya kuongea mbele za watu na ya kuongea nyumbani

Mwanangu alikuwa anaropoka popote, tuko kwenye foleni anamuuliza mama wa watu kwa sauti "mbona tumbo lako kubwa hivyo?", wageni wakija anawaambia baba na mama jana waligombana kuhusu hela. Kumkaripia hakusaidii, mtoto wa chini ya miaka 4 au 5 hivi bado ni ngumu kwake kuelewa mwenzie anajisikiaje, anaona kitu anakisema, hana ubaya wowote.

Kilichosaidia ni kumpa sehemu ya kusemea badala ya kumkataza. Nikamwambia mwili wa mtu, mambo ya chooni, hela na ugomvi wa nyumbani tunaongea tukiwa wenyewe, ukiwa na swali huko nje nibane mkono, tukifika nyumbani nakujibu. Na umjibu kweli jamani, maana ukipotezea ataona bora aulize palepale. Jioni tukawa tunacheza, mimi nataja kitu, yeye anajibu "kila mtu" au "nyumbani", alikuwa anaupenda sana huo mchezo.

Ila hapa ndo pa kuwa makini sana, asije akadhani anatakiwa kuficha kila kitu. Nikamwambia mtu yeyote akikugusa sehemu zako za siri, au akikwambia usimwambie mama, hiyo unasema hapohapo, kwangu, kwa baba, kwa mwalimu, hata watu wakiwepo. Viungo namtajia majina yake halisi ili akisema aeleweke.

Siku hizi ananibana mkono mwenyewe, akisahau namkumbusha taratibu tunaendelea.