Kuiondolea Ukungu Hologramu ya Jelatini

Bamba langu la kwanza, yaani kioo kilichopakwa jelatini ili kurekodi hologramu (picha yenye kina inayorekodiwa kwa leza), lilikuwa na picha ndani yake, lakini picha hiyo ilionekana kana kwamba imemwagiwa maziwa yaliyozimuliwa. Nilipolielekeza juani, gurudumu dogo la saa nililokuwa nimelirekodi lilijitokeza kwa rangi ya dhahabu likiwa na kina chake chote, ila mbele yake ulisambaa weupe uliofunika kioo kizima. Kwa miezi kadhaa niliishuku leza, nikabadilisha vioo, nikazidisha uzito wa meza. Leo ninaamini kwamba, kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani, ung'avu wa hologramu hutegemea zaidi ugumu wa jelatini kabla bamba halijaingia majini.

Kwanza nieleze kwa nini niliacha emulsheni (utando unaopokea picha) yenye chumvi za fedha, ambayo wengi huanza nayo kwa sababu haihitaji mwanga mwingi. Emulsheni hiyo ina chembe, na chembe hutawanya mwanga. Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, kipenyo kikiongezeka mara mbili, mwanga unaotawanywa na kila chembe huongezeka mara 64, na mwanga wa buluu hutawanywa zaidi kuliko mwekundu. Jelatini iliyotiwa dikromati ya amoniamu, chumvi ya kromiamu inayoifanya ihisi mwanga, haina chembe hata moja. T. A. Shankoff alionyesha mwaka 1968 kwamba utando wa aina hiyo unaweza kubeba hologramu angavu mno, na baadaye utando huohuo ulitumiwa katika vioo vinavyomwonyesha rubani taarifa za safari bila yeye kuinamisha kichwa. Kifaa cha namna hiyo hakingefaa kitu kama kingekuwa na ukungu.

Ukungu basi hutoka wapi, ikiwa chembe hazipo? Hutoka kwenye matundu. Mwanga wa leza unapolipiga bamba, ukapita, ukarudi kutoka kwenye kitu kinachorekodiwa, mawimbi mawili hukutana ndani ya jelatini na kujenga tabaka za mwanga na giza, ambazo kwa leza ya kijani ya nanomita 532 huachana kwa takriban nanomita 175. Penye mwanga, kromiamu hubadilika hali na kuzifunga nyuzi za jelatini pamoja. Penye giza, nyuzi hubaki huru. Bamba linapowekwa majini jelatini huvimba, na alkoholi inapoyanyonya maji hayo kwa ghafla, sehemu zilizo laini hushindwa kujikunja sawasawa na kuacha matundu madogo sana. Tofauti kati ya tabaka zenye matundu na zisizo nayo ndiyo inayourudisha mwanga na kutuonyesha picha. Matundu yakibaki madogo sana, bamba hubaki safi kama kioo cha dirisha. Yakikua hadi kukaribia urefu wa wimbi la mwanga, hutawanya kila kitu, na hapo weupe wa maziwa huingia. Jelatini laini kupita kiasi huzaa matundu makubwa. Jelatini ngumu kupita kiasi haizai matundu ya kutosha, na picha hufifia ingawa bamba ni safi.

Mchanganyiko wangu ni gramu 12 za jelatini yenye nguvu ya bloom (kipimo cha uimara wa jelatini iliyoganda) 250 au zaidi, na gramu 3 za dikromati, kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Jelatini huloweka katika maji baridi kwa nusu saa kabla ya kupashwa moto hadi nyuzi 50 za Selsiasi. Dikromati ni sumu na husababisha saratani, hasa vumbi lake likivutwa puani, kwa hiyo ninaipima nikiwa na glavu, miwani na barakoa, mbali na vyombo vya chakula, na mabaki yake hukusanywa kwenye chupa yenye lebo ili yapelekwe panapopokelewa taka za kemikali. Hayamwagwi kwenye sinki kamwe. Anayeona masharti haya ni mazito asiianze kazi hii.

Baada ya kupaka, mabamba hukaa gizani yakiendelea kujigumisha yenyewe, kwa kuwa dikromati hufanya kazi polepole hata pasipo mwanga. Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu, kwa sababu nilihesabu saa badala ya kuipima jelatini. Saa 24 katika chumba chenye joto si sawa na saa 24 katika chumba baridi. Siku hizi hukata kipande kidogo cha bamba la akiba, nikakitumbukiza majini na kuyapasha maji hayo taratibu. Jelatini ikianza kuachia kioo kabla ya nyuzi 40, ninasubiri siku nyingine. Jaribio hili la dakika kumi limeniokolea mabamba mengi kuliko chombo chochote nilichowahi kununua.

Kuhusu leza sina mengi. Dikromati huuona mwanga wa buluu vizuri na wa kijani kwa shida, hivyo kwa nanomita 532 mfiduo, yaani muda wa kulimulika bamba, ni mrefu, na meza isiyotulia huifuta picha yote. Iache leza ipate joto kwa nusu saa kabla ya kuanza. Ukiweza kuuelekeza mwanga kwa pembe ya nyuzi 56 hivi, na mtikisiko wa wimbi ukiwa katika upande unaofaa, mwakisi wa uso wa kioo hutoweka na pamoja nao mistari inayofanana na ya mbao ambayo mwakisi huo huiacha kwenye picha.

Usafishaji wa picha baada ya kurekodi ndio unaohitaji mkono mtulivu. Bamba huoshwa katika dawa ya kudumisha picha (fikza) yenye kigumishi hadi umanjano uishe, kisha hukaa dakika mbili katika maji ya nyuzi 20. Baada ya hapo huingia katika alkoholi ya isopropili ya asilimia 50, halafu 75, halafu ile isiyo na maji kabisa. Kishawishi ni kuyapasha maji na alkoholi ili picha ing'ae zaidi, na kweli hung'aa, lakini matundu hukua na rangi husambaa kuelekea dhahabu nyeupe. Mimi huchagua ubaridi, nikapata kijani kilichotulia na nyuma yake weusi halisi. Anayelazimika kuipasha alkoholi aiweke chupa ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na mwali wowote, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi.

Bamba lililotoka na ukungu lisitupwe. Lirudishe katika maji baridi, jelatini ivimbe upya na matundu yajifunge, kisha lipitishe tena katika alkoholi hatua kwa hatua. Lile bamba la gurudumu la saa nililitunza kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kulijua hili. Nililirudisha majini mara mbili. Mara ya pili meno ya gurudumu yalionekana moja moja, na kupitia kioo niliweza kusoma maandishi ya karatasi iliyokuwa nyuma yake. Nilikwangua jelatini milimita tano kuzunguka kingo zote, nikalikausha kwa hewa ya moto, nikalifunika kwa kioo cha pili na gundi ya epoksi siku hiyohiyo, kwa maana unyevu wa hewa peke yake ungetosha kuifuta picha.