Kusi linapungua, baridi inaanza kutuachia

Hapa Uyole, Mbeya, tumeanza kuamka bila kutetemeka, nami nalifurahia jambo hili kwa dhati, kwa kuwa kipupwe kilitubana tangu Juni. Chanzo cha mabadiliko haya kiko mbali na milima yetu. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, huimarika na kusukuma upepo wa kusi, ambao huchafua bahari huko pwani na, unapopanda miinuko yetu, hupoa na kuleta ukungu na manyunyu Rungwe na Mufindi. Ifikapo Septemba nguvu hiyo hupungua, jua la utosi husogea kusini, na joto huongezeka hadi mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi Novemba. Wavuvi wa Matema nao hunufaika Ziwa Nyasa linapotulia.

Hata hivyo, nawasihi wakulima wenzangu wa viazi, hasa wa Makete, wasiharakishe kudhani baridi imekwisha. Upepo ukitulia na anga likawa jeupe bila mawingu usiku, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni; hivyo sakitu, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea, inaweza kuunguza majani alfajiri ingawa mchana uliotangulia ulikuwa na joto. Mimi bado nafunika miche yangu ya nyanya kwa nyasi kila jioni, na nitaiacha wazi pale tu utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania utakapoonyesha usiku wenye joto la kutosha.